Nilioza kwa Kukaa

Wewe uliyeambiwa upande juu ya mashine ya kutetemesha mwili ukakataa, maneno haya ni yako. Mimi pia nilikataa. Nilikataa kwa matusi, baadaye nikarudi nikapanda, na naandika ili usipoteze majuma niliyopoteza mimi kwa kiburi.

Naitwa Moraa, mama yake Zakayo, nyanya wa watoto tisa ambao hakuna hata mmoja mjinga. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo usitafute hapa maneno ya daktari. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu pale kliniki mjini Kisii tulikaa benchi moja na watu wa upande wa ziwa, na Kiswahili ndicho tulichotaniana nacho na kutukanana nacho. Mambo yenyewe yananitia kinyaa hata sasa. Sitayapaka sukari.

Kwetu ni Ekerenyo, kule Nyamira. Nimechuna majani chai tangu nikiwa msichana, kapu mgongoni, mteremko mbele yangu, na sikujua kwamba magoti ni kitu cha kuulizwa hali. Baba Zakayo alipofariki, mwanangu alingoja matanga yaishe, akaja na gari akanichukua mpaka Kisii, nyumba yake ya ghorofa ya pili. Akasema, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Sasa kaa." Kwetu hivyo ndivyo mwana anavyomheshimu mama. Mama akionekana anafagia kwa mwanawe, watu humwangalia mke wa huyo mwana kwa jicho baya.

Huyo mke ni Jemima, mwalimu, mtu wa adabu. Alininunulia kochi la mtu mmoja, la kitambaa laini, akaliweka mbele ya televisheni. Chakula kilikuja kochini. Maji ya kunawa yalikuja kochini. Hata simu ikilia chumbani, ililetwa kochini. Nilikaa hivyo miaka miwili na nusu. Na usifikiri nililazimishwa! Wamama wa kanisa wakija siku ya Sabato, nilinyoosha miguu nikawaambia, "Mimi kwa mwanangu sishiki hata kikombe." Nao wakashusha pumzi kwa wivu. Siku moja Jemima aliniacha nioshe vikombe, halafu wageni wakabisha mlango. Nilimvuta kando nikamnong'oneza, "Unataka watu waseme nimeajiriwa hapa?" Tangu siku hiyo hakuniruhusu tena kugusa sinki. Kwa hivyo nikianza kulaumu watu huko mbele, kumbuka hilo.

Mwili ulianza kuharibika polepole, kama ndizi iliyosahauliwa ndani ya gunia. Kwanza miguu. Jioni ilivimba, ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki likikuangalia. Mapaja yalilegea yakawa kama unga uliokandwa kwa maji mengi. Chini ya matiti na kwenye mikunjo ya tumbo ngozi ilichubuka, ikawa na majimaji, ikanuka kama maziwa yaliyoharibika. Harufu ile ilikuwa yangu. Niliisikia nikila. Choo kikubwa kilikuja mara moja kwa wiki, na kilikuja kama kokoto. Kuinuka kutoka kochini ikawa kazi ya watu wawili, mmoja wa kuvuta na mwingine wa kusukuma, na mimi katikati nikihema kama ng'ombe anayezaa.

Halafu nikaanguka. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Jemima alikuwa ametoka, na mjukuu wangu Kwamboka, binti yao aliye chuoni, alikuwa kwa rafiki yake. Nilikuwa chooni. Nikajaribu kuinuka, miguu ikakataa, nikateleza nikakwama katikati ya bakuli la choo na ukuta, nguo zikiwa magotini. Nikaita. Zakayo akaja mbio mpaka mlangoni, na hapo mlangoni akasimama.

Sisi Abagusii, yaani Wakisii, tuna ensoni, yaani ile haya kati ya mzazi na mtoto. Mwana haoni uchi wa mama yake. Mke wa mwana vilevile. Mjukuu ndiye hana mpaka nawe, mjukuu anaweza kukuogesha na kukucheka matako, na hakuna kosa. Lakini siku hiyo mjukuu hakuwepo.

"Mama, umeumia?"

"Usiingie!"

"Siingii. Umevunjika?"

"Nimekwama. Zakayo, usiingie!"

"Nimesema siingii, mama!" Sauti yake ilikuwa inalia. Mwanamume wa miaka hamsini.

Nililala pale shavu likiwa ndani ya maji ambayo sitakuambia yalikuwa maji gani. Zakayo alishuka ngazi akamwita jirani wa chini, Mama Kemunto, anayeuza ndizi soko la Daraja Mbili. Mwanamke huyu nilikuwa nimezoea kumsalimia kwa ncha ya vidole kwa sababu mikono yake ina utomvu mweusi usiotoka. Mikono ileile iliniingia kwapani ikaniinua kama mtungi mtupu. Akanipangusa, akanivalisha. Umri wake ni kama wangu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko nyonga.

Daktari alinipima kila mahali. Mfupa haukuvunjika. Sukari ilikuwa imeanza kupanda. Akaniuliza, "Mama, mchana unafanya nini?"

"Naketi."

"Na jioni?"

"Naketi nikingoja kulala."

Akaweka kalamu chini. "Basi huo ndio ugonjwa wako."

Nilikasirika sana. Nilitaka ugonjwa wenye jina, kitu ambacho kanisa linaweza kukiombea. Utasimamaje mbele ya watu useme unaugua kukaa?

Usiku huo nilikata shauri moyoni, na asubuhi nikatangaza kwamba nataka kurudi Ekerenyo, nyumbani kwangu. Tulikuwa sote sebuleni. Zakayo hakuweza kunijibu uso kwa uso, kwa sababu jibu lilihusu choo. Akamgeukia binti yake.

"Kwamboka, mwambie magokoro wako kwamba kule nyumbani... vile vijumba vya nje ni vya zamani."

Magokoro ni nyanya kwa lugha yetu. Kwamboka akanigeukia bila aibu yoyote. "Magokoro, baba anasema choo chako ni cha shimo. Ukichuchumaa, nani atakutoa?"

"Mwambie nitajitoa."

"Baba, anasema atajitoa."

Zakayo akaangalia dari. "Mwambie siku atakapoweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushikwa na mtu, nitampeleka mimi mwenyewe. Lakini shule zikifungwa mwezi wa nane kama bado, tutafunga ile nyumba na shamba la chai tukodishe."

Kufunga nyumba yangu nikiwa hai! Nilimtazama mwanangu, naye akaendelea kutazama dari. Huo ulikuwa mwezi wa pili, jua kali, vumbi mpaka kwenye uji. Nilikuwa na muda mpaka mwezi wa nane.

Ndipo nikapelekwa kliniki kwa fizio, watu wa kunyoosha viungo. Chumba cha kungojea kilikuwa na benchi refu lililofunikwa kwa plastiki, na plastiki ile inashika mapaja ukitokwa na jasho, ukiinuka unasikia ngozi inabanduka. Kila mtu amevua viatu kwa sababu mashine hupandwa bila viatu. Basi fikiria miguu. Miguu ya watu wagonjwa kumi, yenye magaga, yenye kucha za njano, yenye soksi zilizovaliwa tangu Jumatatu. Niliziba pua kwa leso. Mzee mmoja wa upande wa ziwa, Mzee Odhiambo, karani mstaafu aliyekaa ofisini mpaka mgongo ukapinda, akanitazama akasema, "Mama, zoea. Na wewe hunuki waridi."

Anayeendesha mashine ni binti wa upande uleule wa ziwa, anayeitwa Atieno. Kwanza aliniuliza maswali mengi, kama nina kifaa cha moyo, kama damu iliwahi kuganda mguuni, kama nina mawe tumboni, kama nimewahi kuvunjika. Usipande mashine ya mtu asiyekuuliza hayo. Kisha akanipeleka nyuma ya pazia. Mashine yenyewe ni kama mizani ya kupimia magunia, na mbele ina mlingoti wenye vishikio. Unasimama, unakunja magoti kidogo, inatetemeka chini ya nyayo zako, basi.

"Kunja magoti, mama."

Sikukunja. Nilisimama wima kama mtu anayepigwa picha. Akawasha.

Jamani. Ule mtetemo ulipanda moja kwa moja mpaka kwenye meno, yakagongana. Ukutani kulikuwa na kioo, nikajiona. Matiti yameenda huku, tumbo limeenda kule, mashavu yanapiga kelele, nyama yote inacheza kama matumbo ya ng'ombe yanayobebwa kwa karai. Nilitaka kutapika. Mwili niliouficha chini ya leso miaka miwili na nusu ulikuwa umetolewa nje wote kwa pamoja. Halafu nikajamba. Si mara moja. Mfululizo, kwa mtetemo uleule, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Na mkojo kidogo ukafuata.

Ilikuwa sekunde thelathini tu.

Nje ya pazia mtu akaguna. Atieno akazima, akachukua kitambaa na ndoo, akapangusa ile sahani ya chuma na miguu yangu kana kwamba anapangusa meza. "Ni kawaida, mama," akasema. "Wiki iliyopita mchungaji mmoja aliimba kukushinda."

Maneno hayo yalikuwa huruma, sasa najua. Siku ile niliyachukua kama tusi. Nilimwambia mambo kuhusu watu wa kwao ambayo siwezi kuyaandika, nikabebwa nyumbani, nikakaa kwenye kochi, na sikurudi majuma matatu.

Hayo majuma matatu nyumba ilifuka moshi wa ugomvi. Nilimwambia Jemima, "Kochi lako ndilo limeniua." Nikarudia kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya nne alikuwa anasahihisha madaftari, akaacha kalamu ikaanguka.

"Mama, ningekuacha ufanye kazi, watu wa Ekerenyo wangesema nini juu yangu? Wewe mwenyewe ungesema nini? Ulinikemea kwa sababu ya vikombe vinne!" Akalia. "Nimekuletea kila kitu. Nimekuletea mpaka kijiti cha meno."

Kwamboka alikuwa amesimama jikoni. "Mum amekwambia ukweli, magokoro. Na pia wewe uliogopa mashine kwa sababu ya gesi ya tumbo. Si hata mimi hutoa?"

Nilimrushia kandambili. Haikumfikia. Mkono ulikuwa umelegea, kandambili ikaanguka karibu na miguu yangu mwenyewe, na sikuweza kuinama kuiokota. Sote tuliitazama pale chini. Jemima akataka kuiokota, nikamwambia, "Wacha." Kesho yake nilirudi kwa Atieno.

Mara ya pili nilikunja magoti. Ukikunja, mtetemo unaishia mapajani, kichwa kinabaki chako. Nusu dakika juu, dakika nzima kupumzika, halafu tena. Mara tatu kwa wiki. Bado nilijamba. Benchini Mzee Odhiambo alikuwa ananingoja.

"Mama Mkisii, leo tarumbeta imepigwa mara ngapi?"

"Wewe mwenye mapaja kama samaki aliyekaushwa, nyamaza."

"Samaki mkavu haozi, mama."

Alinipa nusu ya njugu zake kila Jumatano. Nilizipangusa kwanza.

Mvua ndefu ilikuja. Niliona kutoka dirishani wachuuzi wakikimbia na mifuko ya plastiki kichwani. Kule kwetu chai ilikuwa inatoa majani laini, na mikono yangu ilikuwa imelala mapajani. Nikafika mara ya kumi na mbili. Atieno akaleta kiti cha mbao. "Inuka bila kushika."

Nilijaribu. Nikainuka kimo cha ngumi moja, nikarudi chini pu, kama kinyesi cha ng'ombe.

Atieno alishangaa. "Mara kumi na mbili, mama, na bado? Siku usizokuja hapa, nyumbani unafanya nini?"

"Napumzika, ndio mashine ifanye kazi."

Akaketi kando yangu. "Ifanye kazi gani?"

"Ya kurudisha miguu."

"Mama, hii mashine si vidonge. Inaamsha nyama iliyolala. Ikishaamshwa na wewe ukaenda ukairudisha kulala, nitaiamsha mpaka lini?"

Hilo ndilo kosa letu kubwa, ndiyo maana ninaliandika kwa mkazo. Sisi tukienda hospitali tunaenda kutendewa. Unatoa mkono, unadungwa sindano, unarudi kulala. Nilikuwa nimepandisha heshima yangu yote juu ya ile sahani ya chuma, nikashuka nayo, nikaenda kuiketisha tena kwenye kochi ihudumiwe. Nilijichukia kuliko ile siku ya mkojo.

Sabato iliyofuata wageni wa kanisa walikuja baada ya ibada, wamama wanne. Walikunywa chai. Nilishika mikono ya kochi, nikajisukuma, nikasimama nikiyumba, nikaokota vikombe viwili. Jemima akaja mbio, macho yamemtoka. "Mama, tafadhali. Mbele ya watu?"

"Mbele yao hasa," nikasema. Nikawageukia. "Huyu mke wa mwanangu ni mzuri. Amenihudumia mpaka nimeoza. Daktari ameniambia nifanye kazi. Yeyote atakayekwenda kusema Jemima ananitumikisha, nitakuja kwake nimwonyeshe chini ya matiti yangu."

Mmoja akapaliwa na mkate. Nilikwenda kuosha vile vikombe, kimoja nikakivunja. Jemima alisimama kando yangu akikausha, begani kwangu, na hakuninyang'anya.

Baada ya hapo tulifanya kazi kweli. Mashine mara tatu kwa wiki, na siku nyingine ngazi. Kwanza ngazi tatu, Kwamboka nyuma yangu akihesabu na kunicheka. Halafu ghorofa nzima. Siku ya mvua ya mawe nilishuka mwenyewe mpaka chini kuona barafu iliyojaa barazani, na Mama Kemunto akanipa kiti. Nikamwambia, "Asante, nitasimama." Nikamwambia pia kwamba nilimkosea miaka hiyo yote. Akasema, "Nilijua," akaendelea kufunga ndizi zake.

Siku moja tuliinua mto wa kochi, Jemima na mimi, tuufue. Chini yake kulikuwa na shimo lenye umbo la matako yangu, na ndani ya shimo ukungu wa kijani, mabaki ya mandazi, nywele, na harufu ile ya maziwa. Tulitazamana. Jemima alikimbilia dirisha. Mimi nilibaki nikilitazama lile shimo, kwa sababu nilitaka nisisahau.

Mara ya arobaini na tisa, baridi ya mwezi wa saba, niliinuka kutoka kiti cha mbao mara tano bila kushika. Mzee Odhiambo alipiga makofi upande wa pili wa pazia. Lakini kuinuka kitini si kuinuka kutoka shimoni. Kuchuchumaa bado nilichuchumaa nikishika mlingoti wa mashine, na Atieno hakunidanganya. "Bila mlingoti sijakuona, mama. Ukiwa tayari utajua."

Sijui kama nilikuwa tayari. Shule zilifungwa. Zakayo akamwambia Kwamboka aniambie kwamba Jumapili tungeenda Ekerenyo, na mizigo ingebebwa, lakini isingeshushwa kwanza. Sikuhitaji kuelezwa isingeshushwa mpaka nini.

Kabla sijamaliza, wewe mwenye kochi, sikia. Mashine ile si muujiza na si uchawi. Itakuaibisha. Utajamba, utakojoa, utajiona kwenye kioo na hutapenda. Panda hivyohivyo, mbele ya mtu aliyesomea, ukunje magoti. Na watu wako wakikuletea kila kitu kwa upendo, wapende, lakini enda ukachukue mwenyewe. Kama una aibu, kumbuka aibu haiui mtu. Kukaa ndiko kulikotaka kuniua.

Ekerenyo tulifika kabla ya jua kuwa kali. Majirani walikuwa wamejaa uani, na kila mmoja alinisalimia kwa neno moja: "Kaa, mama, upumzike." Nilisimama. Gari likabaki na kamba zake, godoro langu juu ya paa. Watu wote walijua tunangoja nini na hakuna aliyeweza kulitaja. Nikachukua kopo la maji nikaenda nyuma ya migomba, peke yangu.

Choo kilinuka. Nzi wa kijani wakubwa kama maharagwe. Kuta za udongo, hakuna pa kushika, na shimo chini yangu likipumua joto. Nilichuchumaa. Shughuli yenyewe haikuwa ngumu, kokoto ziliisha zamani kwa kupanda ngazi. Kisha nikasema, sasa. Nikainuka nusu, nikakwama. Mapaja yakaanza kutetemeka, yenyewe, bila umeme wowote. Nzi mmoja akanitua mdomoni na sikuwa na mkono wa kumfukuzia, kwa sababu mikono yote miwili nilikuwa nimeinyoosha mbele kama mlevi. Nilimtemea. Nikasukuma kwa visigino kama Atieno alivyonifundisha. Magoti yakalia, ka, ka, nikajikuta nimesimama na kichwa kimegonga bati.

Nilipotoka, kila mtu alikuwa anaangalia upande wake. Zakayo alikuwa anakagua gurudumu lisilo na kasoro. Jemima aliangalia mawingu. Mama mmoja alikuwa anapukuchua mahindi kwa kasi ambayo sijawahi kuiona.

"Nimemaliza," nikasema. "Kuna mwingine anangoja?"

Zakayo hakugeuka. Alipangusa uso kwa mkono wa shati, akasafisha koo. "Kwamboka, mwambie magokoro wako kwamba tunafungua kamba."

Alifungua kamba, kisha akarudi nyuma, na Jemima naye. Godoro la mzazi mwana haligusi, wala mke wa mwana. Hata kule Kisii lilipakiwa na Kwamboka na Mama Kemunto. Kwamboka akalivuta likateremka, akaniangalia.

"Magokoro, shika nyuma. Nyuma ni rahisi."

Nikashika mbele.